Uzi: Wenye fleti na nyumba za kukodisha, maoni yetu tuyapeleke vipi Chukwani yakasikilizwe

#1 MtuWaKilimani

Assalamu alaykum jamaa. Nyuzi za nyumba humu jukwaani zinaishia pale pale: lifti imekufa, wenye fleti watatu wanne ndio wanaobeba jengo zima, mpangaji anakaa miezi bila kulipa, mwenye nyumba anamkatia maji, kisha mtu anamalizia "Serikali ilitazame hili". Maneno hayo hayana pa kushikika. Kamati ya Baraza la Wawakilishi, huko Chukwani, inafanyia kazi kifungu kilichotajwa kwa nambari, maneno mapya yanayopendekezwa, na hesabu inayoonesha nani anaumia na kwa kiasi gani. Uzi huu ni wa kuandaa hayo. Mwenye ujuzi alete. Kesi za jirani na jirani tuziwekee uzi wake.

Jambo lenyewe si dogo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake una 893,169, karibu 47%. Watu wote hao hawawezi kuwekwa kwenye nyumba za chini, kila mmoja na kiwanja chake. Ghorofa zimeshakuja, na sheria za kuishi ghorofani ndizo zitakazoamua kama majengo haya yatadumu au yataoza.

Kabla hujaandika mstari mmoja, soma Sheria ya Kondominiamu Nam. 10 ya 2010, inayohusu umiliki wa fleti mojamoja na sehemu za pamoja. Sheria ya Umiliki wa Ardhi Nam. 12 ya 1992, inayosema ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma na sisi tunachopewa ni haki ya matumizi. Na Sheria ya Mahkama ya Ardhi Nam. 7 ya 1994. Kila moja isomwe pamoja na marekebisho yake. Pendekezo linalotaka kurekebisha kifungu kilichokwisha badilishwa linatupwa siku hiyo hiyo, na linamshushia hadhi aliyelileta.

#2 WakiliVuga

Waalaykum salaam. Niongeze jambo linaloharibu maoni mengi ya wenye nyumba: kupeleka barua kwenye chombo kisichohusika.

Kodi ya mapato ni jambo la Muungano. Ile 10% ya kodi ya zuio anayokata mpangaji mfanyabiashara au taasisi kwenye kodi ya pango inatoka kwenye sheria iliyotungwa na Bunge la Jamhuri ya Muungano, na inakusanywa na TRA. Umemkodisha mtu afisi kwa shilingi 600,000 kwa mwezi, akalipa miezi sita: jumla 3,600,000, anakata 360,000 na kukukabidhi 3,240,000. Ukitaka kiwango hicho kiguswe, njia yako ni Mbunge wa jimbo lako na kamati za Dodoma. Mwakilishi wako Chukwani hana mkono hapo, hata akikubaliana nawe neno kwa neno.

Ushuru wa stempu kwenye mikataba, kodi ya ongezeko la thamani kwa upande wa Zanzibar, tozo zinazohusu nyumba za wageni, haya ni ya sheria za Zanzibar na ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar. Hapa Baraza la Wawakilishi ndio mahali pake. Ada za taka na vibali vidogo vidogo ziko kwa baraza la manispaa au halmashauri, na huko huhitaji mswada wowote. Unahitaji diwani na kikao.

Kwa hivyo waraka mmoja usichanganye matatu haya. Andikeni mitatu, kila mmoja na anwani yake.

#3 MwanaMadungu

Ahsante Wakili. Suali kutoka Chake: sisi wa nyumba za maendeleo, zile fleti zilizojengwa na Serikali, tunaingia wapi? Sheria hii ya kondominiamu inatugusa au ni ya majumba mapya ya Fumba tu?

#4 KaraniMstaafu

MwanaMadungu, mwanangu, jibu lako liko kwenye karatasi aliyonayo mkaazi, na karatasi zinatofautiana. Michenzani, Kikwajuni, Kilimani, na huko Pemba pia, ndani ya jengo moja utamkuta mwenye barua ya kupewa nyumba, mrithi wa aliyepewa asiyewahi kubadilisha jina, aliyenunua kwa mkataba wa mkono mbele ya sheha (kiongozi wa shehia), na mpangaji wa mpangaji. Ukiwakusanya wote na kuandika "sisi wamiliki wa jengo namba fulani", anakuja afisa wa Kamisheni ya Ardhi anauliza hati, na waraka wenu unaanguka.

Fanyeni orodha ya jengo kwanza. Kila fleti mstari mmoja: namba ya fleti, anayekaa, jina lililomo kwenye karatasi, aina ya karatasi, na kama kuna mirathi ambayo haijagawiwa. Orodha hiyo pekee ni hoja tosha. Mkionesha kwamba katika fleti 40 ni 11 tu ambazo jina la karatasi ni la mtu aliye hai (natolea mfano), basi mnayo sababu ya kuomba utaratibu wa kusajili kwa bei nafuu majengo yaliyojengwa kabla ya 2010, na ombi hilo linaweza kutimizwa kwa kanuni za Waziri, bila kugusa sheria mama.

Hapa pana jambo ambalo watu hulipita. Sheria mama hutungwa na Baraza. Kanuni hutungwa na Waziri kwa mamlaka aliyopewa ndani ya sheria hiyo. Ada, fomu, muda wa kujibu maombi, vielelezo vinavyotakiwa, kwa kawaida vimo kwenye kanuni. Ukiomba kanuni ibadilishwe unashughulika na Wizara ya Ardhi na Maendeleo ya Makaazi na mwanasheria wake. Ukiomba sheria ibadilishwe unaingia foleni ya miswada ya Serikali nzima. Chunguzeni kwanza kero yenu imelala wapi.

#5 MtuWaKilimani

Maalim Karani, tuwekee safari ya mswada, na wapi hasa sisi tunaingia.

#6 KaraniMstaafu

Mswada unachapishwa kwenye Gazeti Rasmi. Mwisho wake huwa na "madhumuni na sababu". Anzieni kusoma hapo. Unasomwa mara ya kwanza bila mjadala, kisha unapelekwa kamati ya kudumu inayohusika. Kamati inaita wadau. Huu ndio mlango wenu, na hukaa wazi siku chache tu, kwa hivyo maoni yawe yameshaandikwa kabla ya kuitwa. Anayesubiri barua ya mwaliko ndipo aanze kuandika huingia na karatasi moja ya malalamiko.

Baadaye ni kusomwa mara ya pili: Waziri anawasilisha, mwenyekiti wa kamati anasoma maoni ya kamati, wajumbe wanachangia. Halafu Baraza linakaa kama Kamati ya Kutunga Sheria na kupita kifungu kwa kifungu, kisha kusomwa mara ya tatu, kisha saini ya Rais.

Lengeni ripoti ya kamati. Maneno yenu yakiingia mle yanasomwa ukumbini na kubaki kwenye kumbukumbu rasmi, na Waziri analazimika kuyajibu. Mkikosa hapo, imebaki njia moja nyembamba: Mwakilishi mmoja aandae jadweli la marekebisho kwa ajili ya hatua ya vifungu. Jadweli linataka lugha ya sheria yenyewe ("futa maneno haya, weka haya"), si maelezo. Mpelekeeni likiwa limekamilika.

Na kama hakuna mswada wowote mezani? Anzeni na suali. Mwakilishi akiuliza suali kwa Waziri, Waziri anatoa jibu rasmi. Jibu la "wizara inaandaa marekebisho" ni mali. Mtalirejea miezi sita baadaye mkiulizia yamefika wapi. Tume ya Kurekebisha Sheria nayo hupokea maoni wakati wowote, na waraka mzuri ukikaa pale unaweza kutumika mswada utakapoandikwa.

Mambo ya ada na kodi yana kalenda yake. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai na bajeti hujadiliwa Mei na Juni. Mwezi wa Juni mswada wa fedha umeshaandikwa. Mkifika hapo mmechelewa. Lengeni kufikisha mapendekezo wizara inayohusika na fedha kabla ya mwaka mpya wa kalenda.

#7 HesabuZaGhorofa

Mimi ni wa namba, nianze na kero ya kwanza aliyoitaja mwenye uzi: michango ya jengo. Bila ya hesabu, kamati itaona ni ugomvi wa majirani.

Tuseme jengo lina fleti 24: 16 za mita za mraba 60 na 8 za mita 100. Jumla ya eneo ni mita 1,760. Gharama za mwezi (mlinzi, usafi, umeme wa pampu na taa za ngazi, kunyonya karo, matengenezo ya lifti) ni 2,400,000. Ukigawa sawasawa, kila fleti inatoa 100,000. Ukigawa kwa eneo, fleti ndogo inatoa 81,818 na kubwa 136,364. Tayari hapo pana ugomvi, kwa sababu mwenye fleti ndogo anasema anatumia ngazi kidogo, na mwenye kubwa anasema lifti ni ile ile. Kigezo lazima kiandikwe kwenye hati ya kusajili jengo tangu mwanzo, na sheria itamke kigezo cha kufuatwa pale hati inapokuwa kimya. Napendekeza eneo, maana linapimika na halibadiliki kila akihama mtu.

Sasa fleti ndogo 7 zisilipe. Pengo ni 572,726 kwa mwezi, karibu 6,900,000 kwa mwaka. Jengo linakata nini? Si mlinzi, kwa sababu wizi unaonekana mara moja. Linakata matengenezo ya lifti na mfuko wa akiba, kwa sababu hayo hayaonekani mwaka wa kwanza. Kwa upepo wa chumvi wa kwetu, chuma cha paa, vizuizi vya veranda na mabomba yanaliwa haraka, na ukija kushtuka, nondo imeshavimba ndani ya zege na kupasua ukingo. Wakati huo unatafuta makumi ya mamilioni kwa mkupuo, kutoka kwa watu wale wale walioshindwa laki moja.

Kwa hivyo kifungu cha kuomba kiwe na mambo matatu yanayokwenda pamoja. Moja, deni la michango liifuate fleti, si mtu, ili anayenunua alikute. Mbili, uhamisho wa umiliki usisajiliwe bila cheti cha kutodaiwa kutoka jumuiya ya wenye fleti, na jumuiya ikikaa siku 14 bila kujibu, cheti kihesabike kimetolewa. Bila sharti hilo la siku 14, viongozi wa jumuiya watakigeuza cheti kuwa mtego wa kuuzia saini. Tatu, sehemu ya michango, mfano 10%, iwekwe kwenye akaunti ya akiba inayohitaji saini tatu.

#8 SautiYaMpangaji

Yote mazuri, lakini mada inasema nyumba za kukodisha, na mpaka sasa mpangaji hajatajwa isipokuwa kama asiyelipa. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita au mwaka mkononi. Mtumishi anapokea mshahara kwa mwezi. Akitaka kuondoka baada ya miezi miwili, pesa harejeshewi. Na wapo wanaofunga maji, au umeme wa tukuza (wa kulipia kabla) uko kwa jina la mwenye nyumba na kadi hatoi. Mkienda kamatini na orodha ya upande mmoja, wajumbe watakumbuka kwamba majimboni mwao wapangaji ni wengi kuliko wenye nyumba, na watawapigia hesabu ya kura.

#9 WakiliVuga

Bi Sauti amesema kweli na tulichukue kama mkakati, si kama huruma tu. Chama cha wenye nyumba kinachokwenda na pendekezo lililokwisha kubeba ulinzi wa mpangaji hupata nafasi ya kuandika vipimo. Kinachokataa kila kitu huandikiwa vipimo na wengine.

Tazameni California. Kuanzia Julai 2024 sheria yao imeweka kikomo cha amana ya mpangaji kuwa kodi ya mwezi mmoja. Lakini ndani yake umo msamaha: mtu binafsi mwenye majengo yasiyozidi mawili ya kukodisha, yenye jumla ya nyumba zisizozidi nne, anaruhusiwa hadi miezi miwili, ingawa si kwa mpangaji aliye mwanajeshi. Mwenye fleti moja ya urithi hakuwekwa kapu moja na kampuni yenye majengo kumi. Msamaha wa aina hiyo ndio wa kuomba hapa, na hauwezi kupatikana na mtu anayepinga kikomo chenyewe.

Kuhusu kodi ya mbele, napendekeza tuandike hivi: "Mwenye nyumba hatodai kodi ya makaazi ya zaidi ya miezi mitatu kwa mara moja, isipokuwa pande mbili zinaweza kukubaliana kwa maandishi muda mrefu zaidi ambapo kodi ya mwezi imepunguzwa kwa kiwango kilichotajwa kwenye mkataba." Kwa maneno hayo, anayehitaji fedha ya ujenzi bado ana njia, ila ailipie kwa punguzo.

#10 HesabuZaGhorofa

Nakubaliana na miezi mitatu kwa fleti zilizokwisha jengwa. Siafiki kwa nyumba ambayo mpangaji mwenyewe ndiye anayeimaliza kwa kodi ya mbele: plasta, madirisha, mabomba. Mipango hiyo ipo mingi Mwanakwerekwe, Tomondo na kwengineko. Iwekewe kifungu chake: thamani ya kazi iandikwe, ikatwe kwenye kodi kwa mwezi, na mpangaji akitolewa kabla alipwe kilichobaki. Tukiinyamazia, kikomo cha miezi mitatu kitaizima au kitaifanya iendeshwe kwa siri.

#11 SautiYaMpangaji

Hiyo naiunga mkono kabisa. Na kutolewa je?

#12 WakiliVuga

Kutolewa kuna mambo mawili: muda wa notisi, na nani anaamua. Muda: siku 30 kwa asiyelipa, 90 kwa mwenye nyumba anayeitaka nyumba yake na mpangaji hana kosa. Notisi iwe ya maandishi, itaje sababu na kiasi kinachodaiwa mwezi kwa mwezi. Nakala kwa sheha iwe kwa ajili ya ushahidi kwamba imefika, basi. Sheha si hakimu, na waraka wowote unaompa sheha mamlaka ya kuamua nani atoke utapingwa na wanasheria wa Serikali, kwa haki. Uamuzi ubaki Mahkama ya Ardhi.

Na kiwekwe wazi: kukata maji, umeme, kung'oa mlango au kubadilisha kitasa kabla ya amri ya mahkama ni kosa. Wenye nyumba mtaona kama mnajifunga. Mnachopata kwa kubadilishana ni kuomba shauri la kutolipa lisikilizwe ndani ya siku 60, maana anayekata maji wengi wao hukata kwa kuona mahkama itachukua miaka.

#13 PwaniYaMashariki

Msisahau fleti za wageni wa siku mbili tatu. Jengo la makaazi likiwa na fleti tano za wageni, maji yanakwisha kwenye tangi kabla ya magharibi, na mizigo inaharibu lifti. Leseni ni suala la Kamisheni ya Utalii, lakini ruhusa ya jengo iwe ya jumuiya: ombeni leseni isitolewe kwa fleti iliyo ndani ya jengo la pamoja bila barua ya jumuiya, na mchango wake uzidi kwa kiwango kilichoandikwa, tuseme mara moja na nusu. Mkutano uamue kwa thuluthi mbili ya kura, si kwa mwenyekiti peke yake.

#14 MwanaMadungu

Na Mji Mkongwe?

#15 KaraniMstaafu

Mji Mkongwe uacheni kwa waraka wake. Kule kuna Mamlaka ya Hifadhi, Sheria yake Nam. 4 ya 2010, orodha ya urithi wa dunia tangu 2000, na nyumba nyingi za wakfu zinazosimamiwa na Kamisheni ya Wakfu. Kodi ya nyumba ya wakfu na gharama ya kutengeneza boriti na chokaa kwa kibali cha hifadhi ni hesabu nyengine kabisa. Sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba kongwe la Mji Mkongwe, ilipoanguka Disemba 2020 kila mtu alizungumza matengenezo. Lakini kifungu kimoja hakiwezi kufaa jengo la mawe la karne ya kumi na tisa na ghorofa ya zege ya Fumba. Mkivichanganya, wajumbe watatumia ugumu wa kimoja kuahirisha vyote.

#16 MtuWaKilimani

Tumefika pazuri. Maalim, muundo wa waraka wenyewe?

#17 KaraniMstaafu

Kurasa tano, zisizidi. Ukurasa wa kwanza: nyinyi ni nani, mmesajiliwa wapi, mnawakilisha majengo mangapi na fleti ngapi, na wapangaji walioafiki. Kama hamjasajiliwa, mnaweza kuandika kama wananchi, kila mmoja na shehia yake. Katiba ya Zanzibar inatoa haki hiyo. Lakini jumuiya iliyosajiliwa kwa Mrajis (msajili) hupewa nafasi ndefu zaidi ya kuzungumza.

Kurasa zinazofuata ni jadweli la safu nne. Mfano wa mstari mmoja, uandikwe hivi hivi:

Safu ya kwanza, *kifungu*: kifungu cha usajili wa uhamisho (nambari ijazwe kutoka kwenye nakala yenye marekebisho yote). Safu ya pili, *kilivyo sasa*: yanakiliwa maneno yenyewe, bila kufupisha. Safu ya tatu, *pendekezo*: "Ongeza kifungu kidogo kipya: Mrajis hatosajili uhamisho wa fleti mpaka apate cheti cha kutodaiwa kilichotolewa na jumuiya, na pale jumuiya isipojibu ndani ya siku 14 tangu kupokea maombi, cheti kitahesabika kimetolewa." Safu ya nne, *sababu*: "Jengo la fleti 24 lenye wasiolipa 7 linapungukiwa 572,726 kwa mwezi. Pengo hili huangukia matengenezo ya lifti na mfuko wa akiba."

Mfano wa HesabuZaGhorofa ubadilishwe na namba za jengo la kweli, na vielelezo vya stakabadhi viambatanishwe nyuma. Mjumbe mmoja akigundua namba ya kubuni, safu zote zilizobaki zinapoteza uzito.

Pelekeni nakala kwa Katibu wa Baraza, mugongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu, na nakala za ziada kwa kila mjumbe wa kamati. Anayezungumza awe mmoja, dakika kumi, na pembeni yake mwenye hesabu na mpangaji mmoja. Chai, bahasha, "nauli ya mheshimiwa", hakuna: hiyo ni rushwa, iko chini ya ZAECA (mamlaka ya kuzuia rushwa Zanzibar), na itaua hoja hata ikiwa ya haki.

#18 HesabuZaGhorofa

Natengeneza jadweli tupu la kujazia gharama za majengo. Majengo yanayotaka kuingia yalete stakabadhi za miezi 12 mfululizo, pamoja na za tukuza ya pampu na za kunyonya karo. Fleti zipimwe ndani, ukuta hadi ukuta, veranda iandikwe mbali.

#19 MwanaMadungu

Chake tunaanza orodha ya jengo kama alivyoeleza Maalim. Mirathi tutaiwekea safu yake.